Muhuri wa Karavani ya akina Boothby

Zamani fundi alijulikana kwa mikono yake, na siku hizi hata malaika akishuka kukaza nati za gurudumu ataulizwa kwanza muhuri wake uko wapi.

Wilf Stathers wa Hornsea aliishi zama zote mbili. Miaka ishirini na miwili aliunda karavani katika kiwanda kimoja cha Hull, vile vijumba vya magurudumu ambavyo watu wa huko huvifunga nyuma ya gari na kuvikokota hadi ufukweni kila kiangazi. Kiwanda kilipofungwa, alinunua gari kuukuu, akalijaza spana, akawa anazifuata karavani za watu majumbani kwao. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne. Mambo ya umeme na gesi aliyasoma mwenyewe katika maktaba ya mji, ile ambayo sasa wameigeuza mahali pa kunyolea ndevu. Chama cha mafundi kilipoanza kutoa vibali, kilimtaka akakae darasani siku mbili afundishwe breki.

"Breki hizo nilizifunga kabla mwalimu wenu hajazaliwa," aliwajibu, na fomu yao akawashia jiko.

Katika wateja wake wote hakuna aliowapenda kama Cedric na Mavis Boothby. Kila Machi, kwa miaka ishirini na minane, siku ya kuifanyia sevisi karavani yao ilikuwa sikukuu. Wilf alikagua breki, gesi na magurudumu, akapitisha kipima unyevu ukutani, kisha wote watatu wakaingia ndani, wakabanana kwenye kile kimeza, wakala pai ya nyama na viazi aliyooka Mavis. Hapo msimu ulikuwa umefunguliwa.

Kisha Cedric akaanza kusahau. Alisahau jina la binti yake, akasahau njia ya dukani. Lakini ndani ya karavani, ufukweni, alijua kikombe kiko wapi, alichemsha maji bila kuelekezwa, na jina la mkewe alilikumbuka. Ile ya zamani ilipochakaa, Mavis alitoa akiba yao yote akanunua mpya, kwa kuwa kiwanda kilichoiunda kiliahidi dhamana ya miaka kumi maji yakipenya. Sharti lilikuwa moja: kila mwaka ifanyiwe sevisi na gereji iliyoidhinishwa, na kitabu kigongwe muhuri.

Mwaka wa kwanza waliipeleka Leeds kwa muuzaji. Ilibaki huko siku mbili, na siku zote mbili Cedric alilia, akidhani imeibwa. Mwaka wa pili Mavis akampigia simu Wilf.

"Njoo wewe, mpenzi. Siwezi kumtesa tena."

Wilf akaja, akafanya kazi kutwa. Wakati wa pai Mavis alifungua kitabu.

"Wilf, hapa wanataka muhuri."

"Muhuri ni wa posta."

"Acha utani wewe! Hawatatukatalia?"

Cedric akadakia, mdomo umejaa viazi: "Akatae nani? Fundi ndiye huyu. Wale wengine wauza kalenda!"

Wakacheka. Wilf, ambaye husoma chochote chenye maandishi, masharti alikuwa ameyasoma mstari kwa mstari. Angeweza kusema: ipelekeni Leeds, mna mwezi mzima bado. Badala yake alichukua kalamu, na ndani ya kisanduku cha muhuri akaandika jina lake kamili kwa mwandiko mzuri. Alijisikia kama mtu aliyelipiza kisasi.

Machi iliyofuata, kipima unyevu kilipogusa pembe ya mbele, chini ya dirisha, kilisoma asilimia thelathini na moja. Ukuta mkavu hauvuki kumi na tano. Mwaka uliopita pembe hiyo hiyo ilisoma kumi na mbili. Hata mwaka ule alikuwa amepima kwa haki. Akabonyeza kwa kidole gumba, ukuta ukabonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kiwandani dirisha lilipakwa gundi upande mmoja tu.

Alikwenda Leeds kwa yule muuzaji pamoja na Mavis, wakiikokota karavani. Mwanamke wa mapokezi, Janine, alifunua kitabu.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Una kibali, mzee?"

"Nina miaka hamsini ya kazi."

"Sikatai. Umeandika vipimo ambavyo hata watu wetu hawaviandiki. Lakini ukikosekana muhuri wa mwaka mmoja, dhamana imekufa."

"Kosa ni la kiwanda! Nenda kaangalie."

"Fundi wetu ameshaangalia. Kosa ni lao kweli." Akakifunga kitabu taratibu. "Na hawatalipa."

Njiani kurudi Mavis aliuliza neno moja tu. "Ulijua?"

"Nilijua."



Wilf alijaribu. Aliubomoa ukuta, akaondoa mbao zilizooza, lakini bodi ya mbele hutoka kiwandani, na kiwanda huwauzia wenye kibali peke yao. Aliandika barua tatu. Akapata jibu lile lile mara tatu. Juni ukungu ulienea hadi kitandani. Cedric akaanza kukohoa, daktari akakataza asilale humo. Agosti lori lilikuja kuibeba karavani kama taka.

Novemba Wilf aliwakuta kwenye maegesho ya duka kubwa. Gari lao bado lilikuwa na vioo virefu vya pembeni, vile vya mtu anayekokota karavani; Cedric alikuwa amekataa visitolewe. Aliketi upande wa abiria, amekondeana, akitazama nyuma kupitia kioo.

"Wilf! Hebu kaangalie, taa za nyuma zinawaka?"

Mavis alishika usukani na kutazama mbele.

Wilf akazunguka gari. Akasimama mahali ambapo karavani ingekuwa, juu ya lami iliyolowa, mbele ya toroli la duka lililoachwa na mtu.

"Zinawaka," akasema.

"Haya, twende, mama," Cedric akamwambia mkewe, kwa kuwa jina la Mavis lilikuwa limeshampotea.

Mavis akaondoa gari polepole, akakata kona kwa upana, kama mtu aliye na mzigo nyuma. Wilf hakuwaona tena.