Kungoja Gari Lipate Moto

Asubuhi za Juni hapa Turffontein, huku kusini kwenye migodi ya dhahabu, baridi inakuwa imekalia kila kitu: mabati, kamba ya nguo, bonati ya gari letu la zamani. Mume wangu ndiye aliyekuwa akitangulia kutoka. Mimi nilimfuata na chai na blanketi, maana kipasha joto cha lile gari kilikufa kabla hatujalinunua. Naingia, najifunika magoti. Yeye anavuta choki, kile kishikio cha kuamshia injini baridi, chini ya dashibodi, anakanyaga mafuta mara moja, anawasha. Gari linakohoa, linasusa, halafu silinda zote nane zinakubali na kiti kinaanza kunitikisa. Basi tunakaa hapo, tunangoja lipate moto.

Na kila asubuhi ya Mungu, tukiwa tumekaa hivyo, alikuwa akiniuliza, "Mama, umeota nini?"

Mume wangu ni mtu wa Lubumbashi, mchomeleaji vyuma, na ukimya wake sijapata kuuona kwa mtu mwingine. Akila hasemi. Akirudi kazini jioni unaweza kudhani ni mgeni aliyekosea nyumba. Mimi mtu wa Kigoma, mdomo nimejaliwa, na miaka ya kwanza ya ndoa yetu nilidhani nitapasuka. Lakini ndani ya lile gari, vioo vikiwa vimeingia ukungu kwa pumzi zetu, alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilimsimulia nilivyoota nyumba ya mama imehamia kwenye robot ya Jeppestown, yaani taa za barabarani, na mama mwenyewe, marehemu, anapita katikati ya magari akiwauzia madereva dagaa taa ikiwa nyekundu. Nilimsimulia nilivyoota nashonea mikono ya sweta kile kilima cha mchanga wa mgodi kilicho nyuma ya mtaa wetu, kwa sababu kilikuwa kinaona baridi mabegani. Alikuwa akisikiliza mpaka mwisho. Halafu anacheka taratibu, na yeye ananiambia ya kwake: babake, shule ya wamisionari, njia waliyopita kuja huku. Mengi ninayoyajua juu ya mume wangu niliyapata mle, gari likiwa halijaondoka.

Baadaye tunaondoka. Ananishusha kwenye kibanda changu cha cherehani Jeppestown, anaenda kwenye karakana yake mtaa wa nyuma, anarudi kuwa jiwe mpaka kesho.

Lile gari lilikuwa la rangi ya chungwa lililoiva sana, la yale yanayoitwa magari ya misuli: pua ndefu, milango miwili, injini inayonguruma hata likiwa limesimama. Lilitengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Alilipata likiwa mkweche, kuku wanalala kwenye kiti cha nyuma, akalifufua kipande kwa kipande. Viti nilivishona mimi. Ila usukani wake, jamani! Mzito kama kusukuma kabati. Na mwaka jana bega lake la kulia lilianza kumsumbua. Akikata kona namwona anauma meno. Usiku anageuka kitandani akiguna, ukimuuliza anasema, "Hakuna kitu."

Jumapili baada ya kanisa, wapenzi wa haya magari hukutana kwenye kiwanja fulani karibu na uwanja wa mbio za farasi. Bonati zinafunguliwa, moto wa nyama unawashwa, ubishi unaanza. Rafiki mkubwa wa mume wangu ni mtu wa Tanga, fundi rangi, na yeye ni wa magari ya zamani mpaka kufa. Mpinzani wake ni Mrundi mmoja, fundi umeme, wa magari mapya.

Siku moja alikuja bwana mmoja na gari jeusi, jipya, mjukuu halisi wa lile letu: pua ile ile, macho yale yale ya hasira. Alilizunguka letu polepole, akaligusa mlango. Kumbe marehemu baba yake alikuwa na la aina hiyo, na ndilo alilojifunzia kuendesha. Akatoa neno: tubadilishane, gari kwa gari. Kwanza kila mtu akae na la mwenzake wiki nzima, Jumapili tukutane tuamue.

Loo, hiyo wiki! Gari jeusi unalibonyeza tu, limewaka. Kiti kinakupasha mgongo. Usukani unaugeuza kwa kidole. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hajibu nacho, alisema "Sharp!", yaani safi sana, akapiga picha za kutosha kijiji kizima. Mume wangu alikata kona bila kuuma meno, na usiku alilala kama amezimwa.

Na mimi? Kabla sijaweka mkoba chini, tumeshatoka getini. Hakuna cha kungoja. Mkono wake ulienda chini ya dashibodi kutafuta choki, haukukuta kitu, ukarudi kwenye usukani, huyoo, tumekwenda. Taa za mji zikapita kwenye kioo kisafi, kimya, kama tunaelea. Nilikuwa na ndoto nzuri siku hiyo, ya mvua iliyonyesha vifungo. Nilifika nayo Jeppestown mdomoni, nikashuka nayo. Kesho yake hivyo hivyo. Mpaka katikati ya wiki nikawa hata sioti, au naota na kusahau, kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Ungesema, si umwambie jioni? Nilijaribu. Aliitikia "mm" na sahani yake. Nikaona wivu, kweli nasema, mtu mzima mimi, nikalionea wivu dude la chuma.

Jumapili ikafika. Magari mawili yakawekwa sambamba, babu na mjukuu.

"Hili jipya lina nguvu mara mbili, na halinywi mafuta kama ng'ombe," alisema Mrundi.

"Nguvu gani? Mngurumo wenyewe nusu unatoka kwenye spika!" alisema wa Tanga. "Hiyo si gari, hiyo ni redio!"

Watu walicheka. Bwana wa gari jeusi alikuwa amekaa ndani ya letu, mikono kwenye usukani, macho kafumba. Nilimwonea huruma, nikamchukia kidogo pia.

Mrundi hakuchoka. "Na asubuhi? Hili la zamani mpaka ulibembeleze na choki, chai inapoa."

"Nani kakudanganya?" wa Tanga alimaka. "Kabureta ya gari hili nimeifungua kwa mikono yangu. Ukihesabu vidole vya mikono miwili limeshakuwa tayari kuondoka. Tena hata baridi ya Julai!"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anapangusa kioo kilichokwisha kuwa kisafi.

Sikupata nafasi ya kufikiria, kwa sababu alinigeukia mbele ya watu wote na kuuliza, "Mama, unasemaje?" Kumbe ananiachia mimi. Niliangalia bega lake, jinsi alivyolishusha upande mmoja hata akiwa amesimama tu. Roho iliniuma, nikajikaza kisabuni. "Chukua jipya," nikasema. "Bega lako kwanza." Wakapeana mikono. Gari letu la chungwa likaondoka na viti vyangu, na nilililia, sioni haya kusema, nikasingizia moshi wa nyama.

Jumatatu nilitoka bila chai na bila blanketi. Za nini? Nikaingia, nikafunga mkanda, nikaangalia mbele. Akabonyeza, likawaka. Mkono wake ukashuka kutafuta choki, ukakosa. Nikangoja tuondoke. Hatukuondoka. Akazima kipasha joto na kile kiti cha moto, akazima redio, akakaa. Vioo vikaanza kuingia ukungu, pembeni kwanza, halafu katikati, mpaka geti likapotea.

"Baba, twende basi," nikamwambia. "Hili halingojwi lipate moto."

"Najua."

"Na lile la zamani je? Lilikuwa linangojwa?"

Akacheka taratibu, cheko lile la gari la zamani.

"Mama," akasema, "nani alikuambia nilikuwa nangoja gari? Haya, umeota nini?"