Konokono wa Kufutika Kiunoni

Mjini wananiita kufuli, kwa sababu sitoki. Bahari huiona dirishani kwangu Mji Mkongwe, na inanitosha. Siku shangazi yangu wa Matemwe aliponiburura pwani maji yamekupwa, nilikwenda na viatu vya plastiki na kinyongo.

Shangazi alikuwa akiokota konokono wa baharini kwa ajili ya mwenye duka mmoja wa mjini anayewauzia watalii makombe. Bwana huyo alitaka walio hai tu. Waliokufa, alisema, makombe yao hupauka. Shangazi akampata mmoja mzuri kweli, umbo la pia ya kuchezea watoto, madoa ya kahawia kama kitambaa cha kufumwa. Mikono yake ilikuwa imejaa pweza, akafanya wafanyavyo wanawake wote wa pwani ile: akamfutika kiunoni, kwenye mkunjo wa kanga.

"Tazama vizuri, mwanangu," akanitania. "Kesho ushajifungia tena."

Punde akajishika ubavu. "Kuna mwiba," alisema. Kisha midomo ikamfa ganzi, maneno yakamlegea, akakaa majini kama mtu aliyechoka.

Hospitali, nilikomfikisha na wanawake wa pwani, daktari alitueleza kwamba konokono yule huwinda samaki. Hutoa mdomoni sindano yenye sumu, nayo inapenya nguo. Dawa ya kuikata sumu hiyo hakuna. Wangemsaidia kupumua, tungoje. Nikangoja nikikitazama kifua cha shangazi, nikikiamrisha kipande na kushuka kama vile mie nna amri na chochote duniani.

Asubuhi mwenye duka akaja na mfuko wa machungwa.

"Wakali hao," alisema. "Mie huwashika kwa koleo."

"Ulimwambia?"

"Hakuniuliza, dada. Watu wa pwani si wanajua."

Anajua yeye, mwenye koleo. Aliyepelekwa kuwaokota kwa vidole hakuambiwa kitu. Halafu akauliza konokono mwenyewe yuko wapi, maana kuna mteja anamsubiri.

Mie hata chai ikija baridi hotelini, ndiye ninayeomba radhi. Siku ile nilimsukuma mwanamume mzima mpaka nje ya wodi, yeye na mfuko wake, kwa maneno ambayo sikujua kuwa ninayo, hata muuguzi akanitaka niteremshe sauti.

Nyuma yangu sauti nzito, ya kukwaruza, ikasema, "Machungwa ungeyaacha."

Shangazi hakuwa amesema neno tangu jana. Nikamfuata yule bwana kwenye ngazi, nikampokonya mfuko.