Siku Mzee Orval Alipokausha Hopsi Mbichi

Jirani yangu Orval Teague alikausha hopsi, yale maua ya kutilia bia uchungu, kwa miaka thelathini na tisa, na kama kuna mtu hapa mjini kwetu Moxee atakayekwambia Orval hakuwa bingwa, mlete kwangu nimuulize ameanza lini kujua mambo. Shamba la kina Lavergne lina matanuri sita ya kukaushia, na yote sita yalikuwa chini yake. Hopsi zinaletwa kutoka shambani mbichi, zimelowa umande, zinanata kama ulimbo. Orval anachota konzi moja ya maua, anayafikicha baina ya viganja, anachomeka pua, kisha anakwambia zimebaki saa ngapi. Kipimo cha mashine kikipishana na pua yake, walikuwa wanatengeneza kipimo.

Akastaafu. Hapo balaa likaanza, maana mwanamume aliyezoea kuamrisha moto akirudi nyumbani hana wa kumwamrisha ila mke. Noreen, mkewe, ni shoga yangu tangu sote tuna meno yetu. Alikuwa akinijia asubuhi na kikombe chake cha kahawa, anakaa, anapumua.

"Leo amekausha soksi," ananiambia. "Amezipanga kwa unene. Nikitaka kuzitoa ananiambia bado."

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Orval alikuwa ananyauka, nisiseme uongo. Alishinda barazani akitazama malori ya hopsi yakipita, na kila lori anataja kwa sauti saa ambayo mzigo wake utakuwa umekauka, bila kuulizwa na mtu. Siku moja alinikuta nafua, akaniambia shuka zangu nimezianua mapema. Nilimjibu jibu ambalo siwezi kuliandika hapa.

Ndipo Chayo alipompa kazi. Chayo Villaseñor, msichana wa hapa hapa kwetu, ana kiwanda kidogo cha bia nyuma ya gereji ya matrekta, na marehemu baba yake alikuwa akipakia magunia chini ya Orval, kwa hiyo amemjua mzee huyu tangu akiwa mtoto. Kila Septemba anapika sufuria moja tu ya bia ya hopsi mbichi, ya kupeleka kwenye tamasha la Oktoba. Na bia hiyo ina sharti lake: ua likishachumwa lisifikishe saa ishirini na nne kabla ya kuingia kwenye sufuria, na liingie na unyevu wake wote, moto usiliguse kwanza. Vibanda vya tamasha ni thelathini, wanaovitaka ni mia. Mwaka ukija huna bia ya hopsi mbichi, kibanda anapewa mwingine, nawe unarudi mwisho wa foleni. Chayo alikaa kwenye foleni hiyo miaka sita.

"Mzee," akamwambia, "mimi nitakuwa nimesimama na kimea changu jikoni, siwezi kukiacha. Nenda kwa kina Lavergne saa kumi na mbili asubuhi, wana kipande cha mwisho cha kuvuna. Niletee magunia matatu. Saa tatu nataka uwe hapa. Mwingine simwamini."

Noreen anasema Orval alipiga pasi shati. La kwenda kubebea magunia.

Sasa haya yafuatayo nimeyasikia kwake mwenyewe, na nimeyasikia mara nyingi kuliko nilivyopenda. Saa kumi na mbili na nusu magunia matatu yalikuwa nyuma ya pikapu, ratili mia na hamsini. Akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza, kuaga tu. Hopsi mbichi zikikaa kwenye gunia zinapata joto, kila mtu anajua. Orval akasikia lile joto, akasikia ule unyevu, na mkono ukakataa kutoka. Akajiambia atazipunga upepo kidogo, dakika tano, zisije zikaungua njiani. Tanuri dogo la zamani lilikuwa tupu, hapo hapo. Akazimwaga, akazitandaza vizuri, akawasha feni peke yake.

"Feni tu," alituambia. "Moto sikuuwasha mimi. Kidole gumba ndicho kilichouwasha."

Mazoea yana tabu, jamani. Kidole gumba kikabonyeza, tanuri likanguruma, Orval akavuta kiti chake cha zamani na kukaa. Vijana wa shamba wakapita wakamsalimu bosi, bosi akaitikia. Simu ililia ndani ya pikapu mpaka ikachoka. Alikaa pale saa tano na zaidi, akigeuza, akifikicha, akinusa, na anaapa kwamba tangu astaafu hajawahi kuwa na furaha kama ile.

Saa saba mchana akaingia kwa Chayo anapiga mluzi. Mimi na Noreen tulikuwepo, kwa sababu Chayo alikuwa ametupigia simu tuitafute maiti ya mzee mitaroni. Lile sufuria la togwa tamu ya kimea lilikuwa linatokota tangu saa tatu, na msichana wa watu ameloa jasho mpaka nyusi.

Orval alikuwa amebeba magunia yote matatu kwa mkono mmoja.

Chayo akayatazama. "Mzee," akasema polepole, "mbona mepesi?"

"Unyevu asilimia tisa na nusu," Orval akasema. "Lete kipimo chochote unachotaka. Safi kabisa, hata kwa mfalme unapeleka."

Nikamwona anatutazama mmoja mmoja, anatafuta wa kumpongeza. Halafu akatazama sufuria. Halafu akatazama magunia. Uso ukamshuka, mpaka nikaona haya kumwangalia.

"Zilikuwa ziwe mbichi," akasema.

"Ndiyo, mzee," Chayo akasema. "Zilikuwa ziwe mbichi." Akageukia ukuta akalia, kimya kimya, kijiko kikubwa bado mkononi. Noreen akamshika bega. Mumewe hakumshika popote.

Kina Lavergne walikuwa wamemaliza. Kipande kile kilikuwa cha mwisho, mashine ya kuchambulia imeshafunguliwa inaoshwa, na mashamba mengine upande wetu yalikuwa yamevunwa wiki iliyopita. Bonde zima la hopsi, na hakuna hopsi mbichi hata ya kutilia chai. Yaani huo ulikuwa mwisho, na mimi nilishachukua mkoba wangu niende zangu. Ila Noreen akanitazama. Akanitazama kwa namna ambayo nilijua anachotazama si mimi bali baraza yangu.

Hapa kwetu kila nyumba ina hopsi. Tunaotesha barazani kwa ajili ya kivuli, unaupandisha mmea kwenye kamba mpaka darini, na kila mtu mzizi wake aliuiba shambani, hata padri. Wa kwangu una miaka kumi na miwili. Umefunika baraza yote. Agosti nikikaa pale jua halinioni.

Saa nane Orval yuko mlangoni kwangu, ameshika ndoo, kama vile mimi sikuwepo muda mfupi uliopita.

"Mama Dot," akaanza, "mashine ya shamba imeharibika, na Chayo..."

"Rudi getini," nikamwambia, "ubishe tena. Safari hii uje na ukweli."

"Lakini ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nataka nikusikie ukisema. Kivuli changu cha miaka kumi na miwili sikitoi kwa uongo."

Akarudi getini. Akabisha. Akasimama pale na shati lake la pasi, akasema: "Nilitumwa hopsi mbichi, nikazikausha." Loo, nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Yeye amesimama tu, masikio mekundu, anangoja nimalize. Kisha nikaleta ngazi na mkasi, na nikaangusha mmea wote mwenyewe.

Ndivyo alivyojua bei. Geti kwa geti, mtaa mzima, ndoo mkononi. Kwa kinyozi alijaribu tena habari ya mashine, akafungiwa mlango. Akabisha upya, akasema kweli, akapewa ndoo mbili. Mwalimu mstaafu alimtaka aieleze mara ya pili mbele ya mumewe asiyesikia vizuri, kwa sauti ya juu. Padri alimpa zote za uzio wa kanisa, akamwambia kwa dhambi za namna hii malipizi yake ni glasi mbili, za padri. Bibi mmoja wa nyuma ya posta alitoa zilizokuwa zimejisokota kwenye kamba ya nguo zikinuka sabuni, nasi hatukuwa na adabu ya kuzikataa. Tulichambua kwa mikono, maua tu, majani kando. Ile mimea ina miiba midogo inayokuchuna, mikono yangu iliwasha siku nne. Saa kumi na moja jioni tulimwaga baraza arobaini na moja ndani ya sufuria la Chayo.

Wiki tatu zilizofuata Orval hakupata amani. Posta wanamuuliza kama anaweza kukausha barua. Kanisani mtu akimwaga maji anaitwa yeye. Bia ile hakutaka hata kuiona.

Siku ya tamasha watu walijipanga kwenye kibanda cha Chayo tangu saa nne asubuhi. Kila mtu alikuja kunywa baraza yake. Kinyozi ananusa, "Hii yangu, naijua." Mwalimu anamwambia, "Yako ipi, na ulikuwa hata humwagilii?" Mimi niliisikia yangu waziwazi, kama maganda ya chungwa, na nitapigana na anayebisha. Sabuni pia ilikuwepo, kwa mbali.

Saa kumi jaji wa tamasha akafika. Bibi Astrid Nygaard, kutoka Seattle, mji mkubwa ng'ambo ya milima, na watu wa ng'ambo ya milima sisi tunawajua. Ana fomu, ana kalamu. Akanusa, akaonja, akanusa tena.

"Hopsi za shamba gani?" akauliza. "Na zilichumwa saa ngapi?"

Kinyozi akanyoosha mkono. "Baraza yangu. Saa tisa kasorobo." Mwalimu akanyoosha. Padri akanyoosha, na glasi ikiwa humo humo mkononi. Ikawa ni mikono tu imejaa mbele ya kibanda, bibi anahesabu kwa kalamu.

"Mna mashamba kila upande," akasema, na sasa sauti imekuwa kali. "Mliingiaje barazani kwa watu? Kuna jambo hamniambii. Nikiwa na shaka na hopsi, kibanda kinaondoka."

Wale wale waliomtafuna Orval wiki tatu, midomo yao ikafungwa kama wamewekewa gundi. Mmoja akatazama viatu, mwingine mawingu. Mimi mwenyewe, ninayejulikana kwa mdomo wangu, nikanywa bia. Hakuna aliyekuwa tayari kumtoa mzee wetu kwa mgeni, hata kwa kibanda. Chayo naye alinyamaza, na kibanda kilikuwa chake.

Orval alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mapipa ya taka. Akapita katikati ya watu mpaka mbele.

"Alinituma mimi hopsi mbichi," akamwambia yule bibi. "Nikazikausha. Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa na mkono ukasahau nimestaafu. Hawa watu wakanipa za kwao. Ni mbichi zote, nilizibeba mwenyewe. Andika hivyo."

Bibi akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko, akaweka kalamu mezani, na bia ikamtokea puani, mtu mzima na miwani yake. Alipojifuta akatia saini, akasogeza glasi ajaziwe.

Chayo alimjazia yeye, akajaza nyingine, akampa Orval.

"Mwakani unaenda tena wewe," akamwambia. "Saa kumi na mbili."

Orval akaishika ile glasi kwa mikono miwili. Akaitikia kwa kichwa huku macho yamemjaa machozi.

"Ataenda," Noreen akasema. "Na mimi nitakuwa nimemshika hicho kidole gumba."