Nilifunga load balancing Pongwe, watu wakaanza kutupwa nje ya mfumo siku ya mwisho ya maombi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Jukwaa hili nimelisoma miaka bila kuandika kitu. Leo naandika, na haya yamenitokea mwenyewe. Nitaweka mpaka zile sehemu ambazo ningependa kuziruka.

Mimi ni fundi wa mitandao hapa Tanga mjini. Nafunga router, nafunga kamera, navuta nyaya. Kazi za kawaida tu.

Sasa kuna mama mmoja, Bi Zuwena, mzaliwa wa Pemba, ana stationery kule Pongwe. Kompyuta nane, printa, mashine ya lamination. Watu wanamfuata mpaka kutoka Tongoni, maana ana subira na mtu ambaye hata mouse hajawahi kuishika.

Shida yake ilikuwa internet. Alikuwa na laini mbili za kampuni tofauti, fiber na 4G. Fiber ikikata, anainama chini ya meza, anachomoa waya huku, anachomeka kule. Waliokuwa wanajaza fomu wanaanza upya wote.

Akaniita, akaniuliza kama haziwezi kufanya kazi zote mbili kwa pamoja. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu.

Kwa ambao hawajakutana nayo: kuna router za biashara zina matundu mawili au zaidi ya kupokea internet. Unachomeka laini zote, router inagawa mzigo. Hiyo ndiyo load balancing. Laini moja ikifa, nyingine inabeba watu wote.

Ila msidanganyike kwamba unapata laini moja kubwa. Faili moja ukilishusha linapita laini moja tu. Faida unaiona watu wakiwa wengi.

Basi, Jumatano nikafunga. Nikaseti kila connection mpya iende kwa zamu, hii fiber, inayofuata 4G.

Nikapima spidi. Namba zikapanda mpaka nikapiga picha ya skrini nikaweka status. Nikachomoa fiber makusudi, jamaa aliyekuwa anaangalia mpira hakujua hata kama kuna kitu kimetokea. Bi Zuwena akaniletea chai na mkate wa kumimina. Hapo nikavimba kichwa.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Mama Neema, mhudumu wa siku nyingi pale. Wazazi wake walikuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge wakabaki hukuhuku, na yeye ni mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu makini sana. Kompyuta yake alikuwa anaiunganisha na internet ya simu yake, na akanikataza nisiiguse.

Akasema anataka kwanza aone.

Nikamtania kwamba anaogopa maendeleo. Akacheka, akaendelea kuchapa barua ya mtu.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya ajira za afya, mwisho saa kumi jioni. Saa tatu asubuhi Bi Zuwena akanipigia. Ile sauti ya mkate wa kumimina haikuwepo tena. Akaniambia niache chochote ninachofanya, watu wanatupwa nje ya mfumo.

Nilivyofika ofisi imejaa, wengine wamekaa kibarazani na bahasha za vyeti mapajani. Mtu anaingia na password yake, anajaza ukurasa wa kwanza, wa pili, ghafla anaambiwa aingie upya. Akiingia, alichojaza hakipo.

Nikakagua fiber, nzima. 4G, nzima. Nikazima router nikawasha. Nikabadilisha nyaya. Hali ileile.

Kulikuwa na dada mmoja wa Tongoni, Mwanahamisi, nesi. Alihitimu siku nyingi, hii ilikuwa mara yake ya tatu kuomba. Tangu asubuhi ameshaanza fomu mara nne. Hakunigombeza. Alinisogelea akasema polepole:

"Kaka, kama haiwezekani niambie sasa hivi, niwahi mjini."

Wakuu, hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Niliwatangazia watu wote kwamba mfumo umezidiwa, kwetu hakuna tatizo. Na waliniamini. Wengine wakaanza kukusanya vyeti vyao.

Mama Neema akageuka kutoka kona yake.

"Fundi, mimi tangu nifungue nimeshatuma watu watano. Sijatolewa hata mara moja."

Nikaanza kulinganisha. Mfumo ni uleule, siku ni ileile. Tofauti ni kwamba kompyuta yake haikupita kwenye router yangu.

Kichwa kikafunguka. Mfumo wa namna ile unakutambua pia kwa anwani ya laini uliyoingilia. Mimi nimeweka zamu, kwa hiyo ukurasa wa kwanza mtu anaonekana na anwani ya fiber, wa pili anaonekana na ya 4G. Mfumo unahisi kuna mwizi wa password, unamtoa.

Aliyekuwa anawatoa watu ni mimi.

Nikafungua menyu ya router. Kuna sehemu ya kuamuru kila kompyuta ishike laini moja muda wote, ihame pale tu laini ile ikifa. Tiki moja. Save. Saa mbili za jasho, na dawa ni tiki moja!

Bi Zuwena akauliza ilikuwa nini. Nilitaka kujificha kwenye maneno ya kitaalamu, nikashindwa.

"Nilikosea mimi. Mfumo hauna shida."

Akanisogezea kiti. "Haya, mwanangu. Basi kaa hapo, hutoki mpaka wa mwisho atume."

Nikakaa. Nikawajazia watu fomu, nikaskani vyeti, nikamtafutia mzee mmoja namba ya NIDA ya binti yake. Mwanahamisi ombi lake likapita, akaomba karatasi ya uthibitisho ichapwe nakala mbili, akazilinganisha namba moja moja ndipo akacheka. Kabla ya saa tisa na nusu kibarazani hakuna mtu.

Nilichojifunza: spidi na mpira siyo kipimo. Ukifunga load balancing, ingia kwenye mfumo wa password, jaza kurasa tano, ndipo ukabidhi kazi. Na mhudumu akikuambia anachokiona, msikilize kabla hujaulaumu mfumo wa watu.

Sasa wazoefu, nisaidieni hapa: laini ikifa katikati ya fomu, kompyuta inahamia laini nyingine na mtu anatolewa tu. Mnalikwepaje hilo?

Na kama na wewe uliwahi kusingizia mfumo huku kosa ni lako, andika hapa chini. Nimeshaanza mimi, huwezi kuchekwa zaidi yangu.