Chumvi ya Shangazi Ndani ya Tanuru

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya nini maabara kule Dar es Salaam, nawajibu nilikuwa napika mawe. Ukweli wenyewe ni huu: unatia unga wa molibdeni na salfa kwenye bomba la kioo, unalichoma kwenye tanuru mpaka vigeuke mvuke, na mvuke ukitua vizuri juu ya kigae cha silikoni, zinaota fuwele za pembetatu, unene wake atomi tatu tu. Ndizo zinazotafutwa kwa kompyuta za kesho. Zangu ziligoma. Mwaka mzima, vumbi tupu!

Chembe ya chumvi huusaidia ule unga kugeuka mvuke. Siku moja chumvi safi ya maabara ikaisha. Nilikuwa na ile ya Uvinza, ya kijivu, aliyonifungia shangazi yangu wa Ipuli, Tabora, nilie maembe mabichi. Nikasema liwalo na liwe. Kesho yake, chini ya hadubini, pembetatu zimejaa kigae kizima. Nililia, haki ya Mungu.

Profesa hakutaka machozi. "Rudia. Muhula ukiisha hujaweza, tanuru nampa mwingine."

Nami nilikuwa nimemaliza hadi punje ya mwisho. Nikampigia shangazi: nakuja, naomba ile chumvi. Akauliza ya nini. "Ya kazini tu, shangazi." Niliona uvivu kueleza.

Treni ikanishusha Tabora asubuhi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Chumvi yako hiyo hapo."

Pakiti ya dukani, nyeupe pe! Ile ya Uvinza, gunia zima, alishawapa ng'ombe wa jirani. "Msomi mzima upeleke kazini chumvi ya ng'ombe? Wenzako si watakucheka!" Furaha aliyokuwa nayo, ningeanzia wapi? Nikasema ahsante.

Nilijaribu ya Uvinza ya kila muuzaji sokoni. Wapi! Lile gunia lilikuwa na nini, Mungu ndiye ajuaye. Tanuru akapewa mwingine, nami leo nafundisha sekondari hapahapa Tabora. Inaniuma, sidanganyi. Maneno mawili tu kwenye simu yangetosha.

Shangazi huwaambia majirani kwamba kazi yangu ya Dar ilifaulu kwa chumvi yake. Kweli, ilifaulu, mara moja. Sina moyo wa kumwambia ni chumvi ipi.