Ndege Wageni Kumi na Wawili

Mwezi wa tatu, kabla ndege wa Ulaya hawajarudi kwao, yuko mmoja mdogo, rangi ya majani yanayoanza kukauka, anayeimba kama mtu anayeteremka ngazi. Kwa ajili yake nilikuwa nadamka na kwenda Mulekera, kwenye shamba la maharage la shangazi wa mke wangu, nikiwa na darubini na daftari. Ilikuwa vita. Watu wenye akili walibaki nyumbani. Mimi nilikuwa nimesoma chuo kikuu.

Asubuhi hiyo shangazi alikuwa akipalilia. Niliandika: *Ndege wageni kumi na wawili. Wanaelekea Oicha.* Nilipoinua macho, askari wawili walikuwa wamesimama katikati ya maharage, na mmoja akaninyang'anya daftari.

"Oyo nini? Hii ni nini?"

"Ninahesabu ndege, chef."

Kwetu ndege ni yule wa manyoya, na pia ni ile inayoleta askari, na uwanja wake haukuwa mbali. Akamsomea mwenzake polepole: "Ndege wageni kumi na mbili. Inaenda Oicha." Akanitazama. "Hii rapport unapelekea nani?"

Hapo ndipo elimu yangu ilipojitokeza. Nilimweleza kwamba ingekuwa avion, ile ya askari, ningeandika "zinaelekea". Nimeandika "wanaelekea", donc ni viumbe hai. Niliweka maisha yangu juu ya silabi moja, mbele ya mtu ambaye kwake kila kitu duniani "iko".

"Piga magoti."

Nikapiga. Udongo ulikuwa na umande. Nakumbuka hilo, na kwamba nguvu zangu zote zilikwenda katika kutojikojolea. Mdomo wa bunduki ulikuwa karibu na sikio langu.

"Kwa français inaitwa namna gani?"

"Pouillot."

"Poulet? Kuku?"

"Pouillot, chef."

"Mais poulet yenyewe iko wapi?"

Shangazi akaweka jembe chini. "Batoto yangu, huyu hana akili, balimusomesha sana. Kuku niko nayo. Muniachilie mukwe wangu."

Alikwenda nyumbani. Sijui alikawia kiasi gani. Mimi nilikuwa nahesabu majani ya mharage mmoja, nikikosea, nikianza upya. Akarudi na kuku aliyefungwa miguu. Askari wakacheka, wakamchukua, na daftari pia, la kusokotea tumbaku.

"Toka!"

Tulitembea bila kukimbia, kwa sababu shangazi alinishika mkono.

"Kuku yangu ilikuwa inataga kila siku," akasema. "Weye unatagaka nini?"

Nyuma yetu, juu ya muhogo, ndege akaanza kuteremka ngazi zake.

"Njo ile ndeke yako?" akauliza, akionyesha juu ya muhogo.

"Hapana, mama," nikasema, nikaongeza mwendo.