Motokari Nyekundu ya Maman

Enzi zetu kule Kadutu, watu walijua ni Jumapili hata kabla ya kengele ya misa, kwa mlio wa motokari yetu. Ilikuwa ya mbio, nyekundu, milango miwili, chini kama mende, na ilikuwa imeshazeeka wakati mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alipomwachia papa. Papa aliiosha tu. Mwenye kuiendesha alikuwa maman, kitenge kiunoni, viatu amevivua ili miguu isikie pedali vizuri. Sisi watoto tulijibana nyuma, magoti kidevuni, katikati ya harufu ya esansi, mafuta ya motokari, na ya ndizi za kukaanga.

Kila baada ya misa ulizuka ubishi. Tonton Déo, mdogo wake papa, alikuwa na jeep, na motokari yetu hakuipenda hata kidogo.

"Hii ni sanduku ya maiti," alisema. "Mawe yote ya Bukavu inaigonga tumbo."

"Na yako inayumba kama mulevi," papa alimjibu. "Hii, mu kona, inashika njia."

Maman alicheka tu. "Motokari iko muzuri. Ni mikono yenu ndiyo mizito."

Jumapili moja bibi alikuwa amelazwa hospitali ya Katana. Jeep ya tonton ilikuwa imeharibika, basi akapanda kwetu, akakaa mbele amenuna. Papa alibaki nyumbani. Tulipokuwa tunapanda mlima mmoja juu ya ziwa, tukaona kamyo iliyobeba mihogo ikishuka, honi inalia bila kukoma. Ilikuwa imekosa breki, na imechukua njia yote.

"Simama, shemeji! Simama!" tonton alipiga kelele.

Maman hakusimama. Mbele yetu, kwenye kona, palikuwa na nafasi pana kando ya njia, pale wamama walipouzia ndizi siku za soko. Akarudisha vitesi, gia ya chini, akakanyaga mafuta. Motokari ikaruka, ikajipinda na kuingia pale pale bila kuyumba. Kamyo ikapita, vumbi likatufunika. Chini kidogo ikajichomeka kwenye udongo wa mlima, na dereva akatoka mzima.

Tonton alishuka, akakaa kwenye majani.

"Shemeji," akasema, "mu mawe nitaendelea kuisema vibaya. Lakini na jeep yangu, leo tungekuwa mu ziwa."

"Panda," maman akamwambia. "Mugonjwa anatungoja."

Kesho yake shuleni hakuna aliyetuweza. Nani mwingine alikuwa na maman wa namna ile?

Siku hizi vijana wanabishana juu ya magari ndani ya simu, hata hawajawahi kuyapanda. Sisi tulilijua gari kwa mgongo. Juzi mwanangu alimpandisha maman gari lake jipya, lile linalopiga kelele lenyewe likikaribia ukuta. Maman akasikiliza, akauliza, "Sasa hapa nani anaendesha, weye ao yenyewe?"

Kijana akacheka sana. Mimi niliitazama ile mikono ya maman, imezeeka, imetulia juu ya kitenge, na nikamhurumia mwanangu kwa kuwa hakuwahi kuiona ikizungusha volani ya ile motokari nyekundu.